Mali ya Morgan na Almasi ya Mwadui

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Ngokolo, Shinyanga)



Baadhi ya vijana wametuuliza: mbona wenye mabenki wa Marekani, waliotajirika kwa riba, wameishi katika neema, nasi tulioharamishiwa tumebaki na jembe? Swali hili halifai kukemewa. Wala halituhusu kwa mbali, kwani mali ya nyumba mojawapo ya matajiri hao ilipata kutufikia hapa jirani, Mwadui.

John Pierpont Morgan wa New York alifariki mwaka 1913. Tumtendee haki: mwaka 1907, watu walipozikimbilia benki kutoa akiba zao, yeye aliwakusanya wenziwe katika maktaba yake, wakachanga fedha hata taharuki ikapoa. Mwanawe akairithi benki. Mwaka 1915 mtu aliingia nyumbani kwa mwana huyo akampiga risasi, akapona. Na mwaka 1920 bomu lililipuka mbele ya ofisi zao, likaua watu zaidi ya 30, wengi wao makarani na matarishi wasiomiliki benki yoyote. Hatuyasemi haya kwa kuyafurahia.

Mwaka 1917 benki hiyo ilikuwa miongoni mwa waliotoa mtaji wa kuanzisha kampuni ya Anglo American huko Afrika Kusini, chini ya Ernest Oppenheimer, ambaye mwaka 1929 akawa mwenyekiti wa De Beers. Dakta Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alipofariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto, warithi wake waliuza mgodi. De Beers na serikali ya Tanganyika wakaugawana nusu kwa nusu.

Je, tuseme almasi ile ilikuwa riba? La. Mwenye kutia mtaji katika ubia, akakubali faida na hasara, hajala riba. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanalijua jambo hili kuliko wasomi wengi: mfadhili hugharimia duara, na mawe yakipatikana hugawana viroba na wachimbaji, duara likitoka tupu, naye amepoteza. Lakini anayekopesha laki moja na kudai laki na nusu, hata kama ng'ombe wa mdaiwa wamekufa kwa ukame, huyo hana ubia na mtu. Amejiwekea faida, na hasara yote amemwachia mwenziwe.

Liko na jambo la pili. Mwaka 1933 Morgan mwana alihojiwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, ikadhihirika kwamba kwa miaka ya 1931 na 1932 hakulipa kodi ya mapato. Hakuvunja sheria, kwa maana hesabu zake zilionyesha hasara, ingawa aliendelea kuishi maisha ya kifahari. Zaka haimwachii mtu mlango huo. Haiulizi umepata faida gani mwaka huu, bali umebaki na nini. Fedha iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka hutolewa fungu moja katika arobaini, hata kama biashara ilikwenda kombo.

Sasa tutoke New York turudi katika safu zetu. Ile mikopo iitwayo kausha damu hawaitoi wageni peke yao. Wapo ndugu tunaosimama nao bega kwa bega Ijumaa, ambao jioni hushika daftari na kadi ya benki ya mwalimu aliyewekwa rehani. Surat Al-Baqara imewaachia rasilimali yao, ikawataka waiache riba iliyobaki, na mdaiwa mwenye dhiki wampe muda.

Kwa hiyo tumekubaliana na wazee kwamba kila Ijumaa baada ya sala watabaki msikitini. Mdai na mdaiwa waje pamoja na daftari lao, tutoe ziada, tubakishe deni la asili na kulipangia muda. Majina hayatasomwa mbele ya watu. Kadi za wenyewe zirudishwe siku hiyo hiyo.