Jiwe la Malindi Limetunza Hesabu

Hotuba ya katibu mwenezi mbele ya wanachama, Malindi

Nimeombwa niseme juu ya tope la Sabaki. Wavuvi wamelalamika miaka mingi, na kila mara hujibiwa kwamba mto ndivyo Mungu alivyouumba. Jibu hilo si kweli, na leo nataka kuwaonyesheni kwa nini.

Mto huu hauanzi hapa. Huko bara, karibu na Nairobi, unaitwa Athi. Ukishapita Ukambani na kuungana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ndio Sabaki. Mvua ikipiga ardhi iliyo uchi huko juu, udongo hushuka na maji mpaka baharini, kaskazini ya mji. Wakati wa kusi maji mekundu husukumwa upande wa Ungwana. Kaskazi ikivuma yanatugeukia sisi, mpaka juu ya matumbawe ya Hifadhi ya Bahari iliyowekwa mwaka 1968.

Sasa tushuke chini ya maji. Tumbawe si jiwe tupu. Ni nyumba iliyojengwa na vinyama vidogo laini, na ndani ya miili yao mna vimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupika chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenyeji wao. Maji yakichafuka, mwanga hupungua na chakula hupungua. Tope likitua, mnyama hutoa ute ajisafishe, na nguvu ambayo angejengea nyumba huishia katika kufagia. Watoto wake nao huelea wakitafuta mwamba mgumu ulio safi wapate kushika. Juu ya tope hawawezi kukaa. Basi mwamba waweza kuonekana mzima, kumbe hauna kizazi.

Majani ya bahari ni vivyo hivyo. Mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga, tafi huyala, na changu wadogo hujificha humo. Yakifa kwa kukosa mwanga, mchanga unafunguka, na kila wimbi hulitibua tope upya. Chini zaidi kuna kaa na minyoo wanaochimba mashimo na kuingiza hewa. Vitu vya kuoza vikizidi, vijidudu humaliza hewa hiyo, wachimbaji hufa au huhama, na tope hugeuka jeusi likanuka kama yai viza. Majongoo ya pwani humeza mchanga, wakala uchafu uliomo, wakautoa safi. Nasi tunawakausha na kuwauza ng'ambo! Tunauza wafagiaji wetu wenyewe.

Msinielewe vibaya. Tope si adui daima. Kamba wa Ghuba ya Ungwana wanaishi kwa tope la Tana na Sabaki, na ugomvi wetu na meli za kukokota nyavu, zile zilizosimamishwa mwaka 2006, ulikuwa juu ya utajiri huo huo. Neno ni kiasi.

Na kiasi kimepimwa. Wataalamu walitoboa tumbawe kubwa hapa hapa Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, kama mti. Udongo wa bara hubeba madini iitwayo bariamu. Ukikutana na maji ya chumvi huiachia, na tumbawe likaijengea ndani ya mwili wake. Wakapima tabaka kwa tabaka, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona. Kutoka 1700 mpaka 1900, karibu hakuna badiliko lolote. Kuanzia 1900 udongo unaongezeka, na unazidi kuongezeka. Mungu ni yule yule na mto ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?

Reli ilikwisha pita Ukambani. Masetla wakachukua vilima vya Mua, na wananchi wakabanwa katika rizavu pamoja na mifugo yao. Ardhi ilipochoka, Serikali ya Kikoloni ikasema mkosa ni ng'ombe wa Mkamba. Mwaka 1938 ikawachukua ng'ombe hao kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu mpaka Nairobi kumwona Gavana. Serikali ikauacha mpango wake, lakini yeye ikamhamishia Lamu, pwani hii hii.

Najua mnapenda hadithi iishie hapo, maana hapo tunapiga makofi. Lakini jiwe halina kadi ya chama. Linasema udongo ulizidi kabisa kati ya 1974 na 1980, mara tano mpaka mara kumi ya kiasi cha zamani. Bendera yetu ilikwisha pandishwa tangu 1963. Watu waliongezeka, misitu ilikatwa, miteremko ililimwa ovyo, na ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970 ukaiacha nchi bila majani. Hapo hakuna setla wa kumsingizia.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa. Joto hilo haliwezi kuzuiwa na wavuvi wa Malindi. Tope lazuilika, kwa sababu tunajua linakotoka na wenyewe twawajua. Wakulima wa Machakos walichukia matuta waliyolazimishwa na mkoloni. Baadaye kwa hiari yao wakachimba yale ya fanya juu, udongo ukitupwa upande wa juu wa mfereji, na miteremko mingi ikapona. Mkulima yule hajui kwamba shamba lake linafunika mwamba wetu. Hajaambiwa na mtu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kabla hatujafunga mkutano tuchague wajumbe wawili, mmoja awe mvuvi, waende Machakos kabla ya mvua za vuli. Wachukue chupa ya maji ya mdomo wa mto na kipande cha tumbawe lililokufa. Nauli nusu italipwa na tawi, na nusu tuchangishane hapa. Kofia yangu hiyo mezani.