Tingatinga Likifika Mlangoni: Majaji Wanavyofasiri Haki ya Makao



Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Je, asiye na hati ya ardhi anafaidikaje na maneno hayo tingatinga likifika mlangoni?

Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, walilipeleka swali hilo kortini. Septemba 2011 walipewa siku 7 wahame. Mahakama Kuu ikatoa agizo la kuzuia, lakini Novemba nyumba zao zikabomolewa hata hivyo. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi akawapa ushindi, Mahakama ya Rufaa ikaupindua 2016, na Januari 11, 2021, Mahakama ya Juu ikatoa kauli yake.

Kauli hiyo wengi huielewa visivyo. Kuvamia ardhi ya mtu binafsi hakumpi mvamizi haki juu ya ardhi hiyo. Lakini watu wasio na pa kwenda wakijenga makao kwenye ardhi ya umma, ingawa hawapati hati, haki yao ya makao lazima ilindwe. Majaji waliongeza kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufurusha watu si sheria, ila jaji anaweza kuitumia kufasiri Katiba pale sheria yetu iliponyamaza.

Na mwaka 2011 ilikuwa imenyamaza kweli. Bunge liliziba pengo hilo 2016. Sasa Sheria ya Ardhi inadai ilani ya angalau miezi 3. Kwa ardhi ya umma, ilani hutolewa kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti linalosomwa nchi nzima na kwenye redio. Kwa ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, jukumu ni la waziri wa ardhi wa kaunti. Yaani serikali ya kaunti nayo inabanwa.

Watu wa Mitumba, karibu miaka 10 baada ya kubomolewa, walirudishwa Mahakama Kuu ili iamue wafidiwe vipi. Ndiyo maana ni heri kwenda kortini mapema, nyumba ikiwa bado imesimama. Aliyepewa ilani anaruhusiwa kuipinga mahakamani. Katiba inakataza kutoza ada ya kufungua kesi ya haki za kimsingi, na korti inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Hifadhi ilani yenyewe, na uandike tarehe uliyoipokea.