Uso wa Mtu Usipotee Kwenye Picha
(Mazungumzo na wanakisomo juu ya kamera, mwanga na lenzi)



Tumesikia kwamba kikundi chenu kimenunua kamera moja ya mtumba kwa fedha za mauzo ya karanga. Tumefurahi sana. Tumesikia pia kwamba picha za kwanza zimeleta maneno. Wenye harusi wamekataa kulipa, kwa sababu gauni la bibi harusi linaonekana vizuri, lakini uso wake ni kivuli kitupu. Wengine wanasema kamera ni mbovu. Tumeiangalia. Kamera ni nzima.

Jambo hili si dogo. Nyumba nyingi vijijini zina picha moja tu ya marehemu baba au bibi. Siku ya msiba watu huitafuta sandukuni. Kama picha haionyeshi macho wala mdomo, wajukuu wataona kanzu tu. Basi hebu tuone kamera inavyofanya kazi.

Kamera ni sanduku lenye giza ndani. Mbele kuna lenzi, yaani kioo kinachokusanya mwanga. Ndani ya lenzi kuna tundu linaloweza kupanuliwa au kubanwa. Nyuma yake kuna pazia linaloitwa shata, ambalo hufunguka na kufunga upesi. Mwanga ukipita, unaangukia kwenye filamu, au kwenye kidude cha umeme kama kamera ni ya siku hizi. Hapo ndipo picha inapopatikana.

Ninyi mnaanika makopa. Jua likiwa kali, siku chache zinatosha. Kukiwa na mawingu mnaongeza siku. Na mihogo ikikatwa vipande vyembamba hukauka upesi, lakini huvunjikavunjika. Kamera ni vivyo hivyo. Ukubwa wa tundu ni kama ukali wa jua. Muda wa shata ni kama siku za kuanika. Halafu kuna namba ya ISO, ambayo zamani iliandikwa ASA kwenye boksi la filamu. Hiyo ni kama wembamba wa vipande. ISO 100 inataka mwanga mwingi, na picha inatoka laini. ISO 1600 inaridhika na mwanga kidogo, lakini picha inakuwa na chengachenga.

Sasa namba za tundu. Zimeandikwa 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, maana namba kubwa ni tundu dogo. Fikirini shamba la urithi. Likigawanywa kwa watoto 4, kila mmoja anapata eneo la kutosha. Likigawanywa kwa watoto 16, kila mmoja anapata kitalu. Ndivyo ilivyo hapa, kwa sababu 16 maana yake ni sehemu moja ya kumi na sita. Kutoka namba moja hadi inayofuata, mwanga unapungua nusu.

Namba za shata nazo ni sehemu za sekunde: 60, 125, 250, 500. Shata ya 250 inaingiza nusu ya mwanga wa 125. Kwa hiyo tundu 11 na shata 125 ni sawa na tundu 8 na shata 250. Hesabu mliyojifunza kisomoni inatosha kabisa kwa kazi hii.

Wapiga picha wana kanuni moja ya zamani. Kukiwa na jua kali, weka tundu 16, na shata iwe karibu na namba ya ISO. Kwa ISO 100, weka shata 125. Mawingu yakitanda, fungua hadi tundu 8. Kwenye kivuli kilicho wazi, fungua hadi 4. Kanuni hii haitaki betri.

Haya, turudi kwa bibi harusi. Kwa nini uso wake ulipotea?

Kamera ikiwekwa ijipimie yenyewe, haijui kama mbele yake kuna mtu au ukuta. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, na inataka picha nzima iwe na weupe wa katikati, kama rangi ya majivu. Ikiona gauni jeupe na ukuta wa chokaa, inasema, "Mwanga umezidi," inapunguza. Gauni linatoka sawa, uso mweusi unazama. Dawa ni kuongeza mwanga hatua moja au mbili: kama kamera imesema 11, wewe weka 8 au 5.6. Au msogelee mtu, pima uso wake peke yake, kisha rudi nyuma upige kwa kipimo hicho. Lakini tazama, uso mweusi ukijaza picha yote, kamera itazidisha mwanga, na mtu atatoka kama amepakwa majivu. Hapo punguza kidogo. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo. Simu nyingi zitaonyesha alama ya jua. Ipandishe au ishushe mpaka uso uwe sawa.

Lawama yote si ya mpiga picha. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hiyo iliitwa Shirley, na mafundi walilinganisha rangi za picha na uso wake. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Inasimuliwa kwamba watu wa kwanza kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, ambao walitaka rangi zao za kahawia zionekane vizuri. Eti meza na chokoleti kabla ya watu! Vifaa vya leo ni bora zaidi, lakini jicho lako bado linahitajika.

Kwa maoni yetu, kuchagua mahali kunashinda kuzungusha namba. Msimpige mtu picha saa sita mchana katikati ya uwanja. Jua likiwa utosini, macho yanakuwa mashimo mawili. Mpeleke barazani, chini ya upenu, atazame nje kwenye mwanga. Nyuma yake pawe na ukuta wa udongo kuliko wa chokaa. Asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi ni nyakati nzuri. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto na Box Brownie, kamera ya sanduku ambayo haina namba nyingi za kuzungusha. Mwenye kamera hiyo hutafuta mwanga kwa miguu yake. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionekana dunia nzima.

Juu ya lenzi tutasema machache. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya filamu inaonyesha mambo karibu kama tunavyoyaona. Ya 28 inaonyesha eneo pana, inafaa kwa mkutano. Ya 85 hadi 105 inafaa kwa uso, kwa kuwa inakuruhusu kusimama mbali kidogo. Ukimsogelea mzee mno kwa lenzi pana, pua yake itakuwa kubwa na masikio yatarudi nyuma, naye atakasirika kwa haki. Lenzi kuu ya simu ni pana, kwa hiyo rudi hatua mbili.

Mikono nayo hutetemeka. Kwa lenzi ya 50, shata isiwe chini ya 60, ila ukiegemea nguzo. Na lenzi msiifute kwa mate na pembe ya kanga! Pulizeni vumbi kwanza, ndipo mfute polepole kwa kitambaa laini, kikavu. Ikifungiwa kwenye unyevu inaota ukungu ndani, na fundi wake hapatikani karibu.

Kazi ya wiki hii ni hii. Mtu mmoja akae barazani saa mbili asubuhi. Mpigeni kwa ISO 100 na shata 125, mara tatu: tundu 4, tundu 8, tundu 16. Kisha asimame mbele ya ukuta wa chokaa, mrudie tena. Katibu aandike kwenye daftari namba ya picha, saa, mahali, tundu na shata. Tutakaporudi tutazikagua picha zote sita pamoja na daftari. Na yule bibi harusi aitwe apigwe tena, bila malipo, akiwa na gauni lake.