Zahanati na Fungu Dogo: Khabari za Mkuu wa Rombo



Nimetakiwa niseme juu ya siha. Upungufu wa dawa sitausimulia, kwani kila mama aliyekaa foleni na mwanawe mgonjwa anaujua kunishinda. Nauliza jingine: kwa nini zahanati mbili zilizopewa fungu sawasawa, moja ina dawa na ya pili ina makabati matupu?

Mfano wangu ni wa Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, mashariki ya mlima Kilimanjaro. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo yatendekayo kule hayatulazimu. Lakini kujifunza hakukatazwi na katiba yoyote. Huko watu wametawanyika katika vihamba vya migomba, na masika mja mzito huteremka mlima kwa taabu. Serikali peke yake haikutosha: kwa miaka mingi hospitali ya Huruma, iliyo mali ya Jimbo Katoliki la Moshi, ndiyo iliyokuwa Hospitali Teule ya wilaya.

Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilikaa halmashauri ya wilaya, na muuguzi aliyetaka sabuni au kitasa cha mlango aliandika barua akangoja. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, kote Bara, fungu hilo hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe, na kamati ya kituo, ambayo wanakijiji wamo ndani yake, hushiriki kupanga matumizi. Na Bohari ya Dawa ikikosa dawa, kituo hununua kwa muuzaji aliyefunga mkataba na mkoa. Mpango huo, uitwao Jazia, ulianza Dodoma mwaka 2014, ukaenea mikoa yote ya Bara mwaka 2018.

Kwa rai yangu, kamati ina faida kuliko akaunti. Wachagga tangu kale wana mifereji ya kuteremshia maji mashambani. Kila nyumba ina zamu yake ya maji na wajibu wake wa kuzibua, na mwenye kuiba maji hujulikana kabla jua halijachwa. Waliozoea kulinda maji hivyo hawashindwi kuhesabu makopo ya vidonge. Bali kamati isiyosomewa hesabu ni jina tupu, na kamati za namna hiyo twazijua.

Wala tusiupambe mpango huu. Zahanati nyingi hazina karani wa hesabu. Muuguzi aliyekesha akizalisha ndiye atakiwaye asubuhi kujaza madaftari ya fedha.

Tena wako watakaofurahi wakisikia haya, waseme: kumbe kwa kidogo yawezekana, basi na wapewe kidogo. La, hasha! Utaratibu mwema hauzai dawa. Huzuia tu iliyopo isipotelee njiani. Chama chetu na kidai mambo mawili pamoja, fungu la kutosha na haki ya raia kuliona likitumika. Tukidai la kwanza peke yake, tutajaza mifuko ya watu. Tukidai la pili peke yake, tutahesabu makabati matupu.

Kwa hivyo naomba, kabla ya mkutano ujao, kila tawi lipeleke watu wawili katika kituo chake cha afya, kwa adabu, bila ya bendera wala sare, wasimkere muuguzi kazini. Waulize: fedha za kituo zinakaa wapi, kamati ni akina nani, na mara ya mwisho wananchi walisomewa hesabu lini? Majibu yaandikwe, akabidhiwe Katibu.