Matangazo kwa Familia Zilizohamia Ughaibuni



Baadhi yenu huombwa kufasiri matangazo ya skuli kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili huko Marekani. Nawasihi, kwanza iangalieni saa. Tarakimu 8 ya Kiingereza ikiandikwa “saa 8”, mzazi wa kwetu huelewa mchana. Huchelewa kwa muda wa saa 6, kisha akahesabiwa mzembe. Andikeni “saa 2 asubuhi”, na pembeni 8:00.

Aidha, wengi watokao Kongo husema “masomo” pale tusemapo “skuli”. Kiswahili cha Unguja, pamoja na usanifu wake wote, hakiwatoshi.

Kabla tangazo halijapelekwa mitamboni, asomewe mama mmoja wao, naye aulizwe afike lini, wapi, na achukue nini. Asipoweza kujibu, liandikwe upya.