Chakula cha Sikukuu Nyumbani kwa Mbengali
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme habari za safari yangu ya India. Habari za masomo nimekwisha kuziandika katika taarifa niliyowapelekea wakubwa. Leo nitasema habari ya chakula kimoja tu, maana nilipata hapo somo ambalo halikuwamo vitabuni.

Nilikuwa Kolkata, mji ambao hadi mwaka 2001 uliandikwa Calcutta. Ilikuwa sikukuu ya Durga Puja, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Wahindu wa Bengali husimulia kwamba Durga, mungu wao wa kike, siku hizo huja pamoja na watoto wake wanne kuzuru nyumba ya wazazi wake, na siku ya kumi hurudi kwa mumewe. Sanamu zake za udongo huwekwa mitaani katika vibanda vya mianzi na nguo, kisha huzamishwa mtoni. Basi sikukuu yenyewe ni ya binti aliyekuja kwao.

Siku ya tisa nilialikwa chakula cha mchana na karani mmoja Mbengali. Bwana huyu aliwahi kukaa katika mji wetu huu miaka miwili, akifanya kazi katika ofisi iliyopakana na yetu. Aliniambia nimwite mama yake "mashima", yaani mama mdogo, wala nisimtaje kwa jina. Nilivua viatu mlangoni, nikanawa, tukaketi. Shuleni kwa wamisheni nilifundishwa kushika kisu na uma. Siku ile yaliyonifaa ni mafundisho ya bibi yangu, kula kwa mkono wa kulia.

Wabengali, katika chakula cha heshima, hawapakui vyote pamoja, bali kimoja hufuata kingine. Kwanza huja shukto, mboga zilizochanganywa na karela, chungu kweli. Kisha dengu na bilingani za kukaanga. Kisha samaki kwa mchuzi wa haradali. Kisha nyama ya mbuzi, ambayo nyumba nyingi huila siku hiyo ya tisa. Kisha chatini tamu. Na mwisho maziwa mgando yenye sukari, na vitamu vya nazi vinavyofanana na kashata zetu. Mimi, kwa kutojua, nilishiba wali na dengu, nikidhani ndiyo karamu yote. Alipoletwa samaki, niliweka mkono juu ya sahani yangu. Kumbe yule ni ilish, samaki wanayemtukuza kuliko wote. Uso wa mama ukabadilika. Mwanawe akaninong'oneza, "Anadhani chakula chake kimekuchukiza." Nikaondoa mkono upesi. Samaki yule ana miiba mingi, myembamba kama nywele, na mama mwenyewe, ambaye alikuwa hajala bado, akaketi kando yangu akanichambulia, kama mtu amlishavyo mwanawe.

Akiwa katika kuchambua, alinena neno kwa Kibengali. Mwanawe akasita kulitafsiri. Mama akarudia. Ndipo akasema, huku akitazama sahani, "Anauliza, nilipokuwa kwenu, siku za sikukuu nani alikuwa akinilisha?"

Waungwana, nilikosa jibu. Bwana huyu tulisalimiana naye kila asubuhi. Zilipita Krismasi mbili na Idi nne. Tulifunga ofisi, kila mtu akaenda kwake, naye akarudi chumbani peke yake. Hakuna aliyemchukia, ila hakuna aliyemkumbuka. Kila mmoja alidhani mwenziwe amemwalika, au kwamba Wahindi wana mambo yao wenyewe. Kabla sijafumbua kinywa, yeye akamjibu mama yake kwa maneno mengi, na mama akacheka, akanipakulia tena. Baadaye nilimwuliza alisema nini. Akajibu, "Nilimwambia mlinilisha wali wa nazi."

Nilipoaga, nilijaribu kusema kwa lugha yao kwamba nakwenda. Mama akanikataza. Kwao aagaye hasemi "nakwenda", husema "aschi", maana yake "naja".

Basi naleta shauri mbele yenu. Kabla ya kila sikukuu, Katibu wetu aandike majina ya wageni wote wanaofanya kazi katika ofisi zetu, na kila mwanachama achukue mmoja. Tumwulize kwanza anakula nini na hali nini, kisha tumkaribishe kwa kile kilichopo. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nasi tumelirudia neno hilo midomoni tu. Kuna mama mzee huko Kolkata anayeamini kwamba tulimlisha mwanawe wali wa nazi. Hatukuupika. Nawaomba, mwaka huu tuupike.