Kabla ya Kutundika Kibao cha Mhasibu

Leo tunazungumza na wewe kijana uliyesomea hesabu, ukarudi nyumbani Kitswamba, na hutaki kukaa Kampala ukingoja ajira. Unataka kujitegemea kama mhasibu. Kazi ipo? Ipo.

Mtazame jirani yako mwenye duka. Tuseme kwa mwaka mzima anauza bidhaa za shilingi milioni 12. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyopitishwa mwaka 2020, mwenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 30 asiyeweka kumbukumbu hulipa shilingi 80,000. Anayeweka kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Jirani yako amezidisha milioni 2, basi kodi yake ni shilingi 8,000. Tofauti ya 72,000 imeletwa na daftari na risiti tu. Lakini usimwahidi kila mtu makubwa: mwenye mauzo ya milioni 28 ataokoa shilingi 8,000 peke yake.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Viwango hivyo havikuhusu wewe. Sheria imewatoa wahasibu, pamoja na mawakili na madaktari, hata kama mapato yao ni madogo. Wewe utatozwa kodi ya kawaida kwenye faida yako, kwa hiyo daftari la kwanza kuandika ni la kwako.

Sasa tuje kwenye kibao. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013 inasema kwamba, ili utoe huduma ya uhasibu kwa malipo ukijitegemea, lazima uwe mwanachama kamili wa taasisi ya wahasibu ya taifa, ICPAU, na uwe na cheti chake cha kutoa huduma. Cheti hicho huombwa upya kila mwaka. Digrii ya chuo kikuu peke yake haitoshi, na hapa ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Aliyemaliza Sinia Sita anaweza kuanza na diploma ya ufundi wa uhasibu inayotahiniwa na taasisi hiyo, kisha akaendelea na CPA. Mwenye digrii huingia CPA moja kwa moja. Baada ya mitihani unahitaji pia uzoefu wa kazi chini ya wahasibu wenye cheti.

Ni safari ndefu, tena ya gharama. Utakula nini njiani? Ajiriwa. Sako inahitaji karani wa vitabu, chama cha wakulima wa kahawa kinahitaji mtu wa stoo anayejua kuandika kilo na bei. Kazi ya mshahara haikuhitaji uwe na cheti cha kutoa huduma, na mshahara huo ndio utakaolipa ada ya mtihani.

Yupo atakayekunong'oneza: "Chonga muhuri, nani atajua huku Kasese?" Atajua mama aliyeweka pesa za kahawa kwenye sako, siku atakapozihitaji kwa ada ya mtoto akaambiwa hazipo. Atauliza ni nani aliyesaini kwamba hesabu ni sawa. Benki nayo inaweza kuuliza mapema zaidi, kwa sababu ICPAU hutangaza orodha ya wenye vyeti na yeyote anaweza kulitafuta jina lako humo.

Ukishapata cheti, mengine ni mepesi. Sajili jina la biashara, chukua leseni ya biashara kwa serikali ya mtaa, omba namba ya mlipakodi. Namba hiyo hutolewa bure, usimlipe mtu wa kati. Ukitaka kuwajazia wengine fomu za kodi kwa malipo, jisajili pia kama wakala wa kodi. Huo ni usajili wa pembeni. Pango la mjini liache kwanza. Meza na kabati lenye kufuli vinatosha, maana wateja wako wako Hima na Rugendabara, hawako ghorofani. Kila mteja mwandikie barua inayotaja kazi na bei, msaini wote wawili, hata kama ni shemeji yako.

Ukipata wateja Bwera, wanaouza na kununua na Wakongo pale Mpondwe, waandikishe faranga, dola na shilingi kila moja kwenye safu yake, pamoja na bei ya kubadilisha ya siku ile. Ukingoja mwisho wa mwezi, hakuna atakayeikumbuka.

Na kama ni wewe uliyeandika vitabu vya sako mwaka mzima, usikubali kuvikagua, hata mwenyekiti akiwa mjomba wako. Mpeleke kwa mhasibu mwingine mwenye cheti, kisha mkabidhi huyo madaftari na risiti zote, naye akutilie saini kwamba amezipokea.